Hata gari lina chumba

Neno "halisi" limenichosha. Sisemi neno lenyewe ni baya, nasema jinsi linavyotumika hapa Nyarugusu kila akija mgeni mwenye kamera akakuta vijana wanapiga gitaa. "Msibadilishe kitu, hivyo hivyo ni halisi." Gitaa halijatyuniwa? Hivyo hivyo. Maiki inakoroma? Hivyo hivyo. Kuku anapita katikati ya ubeti analia? Ah, hapo ndipo mgeni anafurahi kabisa, eti hiyo ndiyo sauti ya kambi. Halafu begi linafungwa, gari linaondoka na vumbi lake, na sisi tunabaki na uhalisi wetu.

Leo nataka kubishana na hilo neno, na nitabishana nalo kwa kutumia albamu moja ya Wamarekani. Najua baadhi yenu mmeshaanza kufunua ukurasa unaofuata. Ngojeni kidogo.

Albamu inaitwa Is This It, ya bendi ya The Strokes, vijana watano wa New York. Ilitoka mwaka 2001. Ina nyimbo 11 na haizidi dakika 40, yaani unaimaliza yote kabla foleni ya maji haijasogea. Mimi nilirushiwa kwenye memori kadi na kijana Mrundi anayechaji watu simu, ikiwa imechanganywa na injili, Fally Ipupa na filamu mbili za Kihindi zenye sauti ya mtafsiri. Ninyi wa mashirika ambao mmeshapita miaka arobaini, hii mnaijua. Mlikuwa shuleni au chuoni ilipotoka. Jarida la NME la Uingereza liliitaja kuwa albamu bora ya mwaka ule, na miaka kumi ilipokwisha likaitaja tena kuwa bora ya muongo mzima. Kwa hiyo sizungumzii kitu cha pembeni. Nazungumzia kitu ambacho kwenu ni kama Franco kwetu, au niseme, kinakaribia.

Ukiisikia mara ya kwanza utadhani spika yako imeungua. Mwimbaji, Julian Casablancas, anasikika kama mtu anayeongea kwenye simu ya zamani huku amelala kifudifudi. Gitaa mbili zinakwaruza. Dramu ni kavu, hazina mwangwi hata kidogo, kama mtu anapiga boksi. Nilipompigia mpiga besi wetu wimbo wa kwanza aliniuliza, "Hii ni demo?" Nikamwambia hapana, ndiyo yenyewe, imeuzwa hivyo duniani kote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na sisi tuko tayari."

Hatuko tayari, na ndiyo sababu naandika.

Muziki wa namna hii unaitwa roki ya gereji. Hapa lazima nisimame, maana kwetu gereji ni kwa fundi, oili chini, vijana wamelala uvunguni mwa gari la mtu. Huko Marekani gereji ni chumba cha nyumbani ambamo gari la familia linalala. Miaka ya 1960 vijana wa huko walianza kutoa gari nje na kuingiza dramu na gitaa, wakapiga kelele mpaka mama akachoka. Ndiyo jina likaja. Walirekodi haraka, kwa vifaa vya bei nafuu, na sauti ikatoka chafu. Wimbo wao mmoja maarufu, "Louie Louie" uliorekodiwa na The Kingsmen mwaka 1963, ulikuwa hausikiki maneno kiasi kwamba FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu ya Marekani, waliuchunguza kuona kama una matusi, wakaishia kuandika kwamba hawaelewi kinachoimbwa. Serikali nzima imekaa inasikiliza rekodi ya vijana wa gereji! Halafu karibu mwaka 2000 wakaja wengine wakaifufua ile sauti: The White Stripes wa Detroit, The Hives kutoka Sweden, na hawa The Strokes.

Lakini rudini kwenye ile gereji. Mmeona? Gari lina chumba. Kabla hatujafika kwenye gitaa, kipaji, au ujana wenye hasira, tayari kuna chumba chenye paa, mlango na umeme, na kimejengwa kwa ajili ya gari. Hapa kwetu familia ya watu wanane inagawana vyumba viwili vya udongo na turubai. Kila ninaposoma mtu akisifu roki ya gereji kwamba ni muziki wa "bila kitu", nacheka peke yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu ile sauti chafu ya The Strokes, maana watu wengi wanaielewa kinyume. Ule ukwaruzo haukuwa ajali. Vijana wale walikamilika kuwa watano karibu mwaka 1998, na kabla ya kujulikana walifanya mazoezi New York, usiku kwa usiku, wakiwa watu wale wale kwenye chumba cha mazoezi. Casablancas ndiye aliyetunga nyimbo zote za albamu, na alikuwa mkali kwa kila kipande, hata cha mpiga gitaa. Mwaka 2000 wakaingia na prodyuza anaitwa Gordon Raphael kwenye studio yake ndogo ya chini ya ardhi pale Manhattan, wakarekodi nyimbo tatu kwa siku chache. Zile nyimbo tatu zikatoka Uingereza Januari 2001 chini ya lebo ya Rough Trade, na ghafla kampuni kubwa zikaanza kugombania bendi.

Kampuni kubwa ya RCA ilipowachukua, walikwenda kwanza kwa prodyuza mwenye jina, Gil Norton, aliyekuwa amefanya kazi na Pixies. Wakarekodi, wakasikiliza, wakakataa. Sauti ilikuwa safi mno. Wakarudi kwa Raphael kule chini na kukaa wiki kadhaa wakitafuta uchafu wanaoutaka. Sauti ya Casablancas ilipitishwa kwenye amplifaya ndogo ya Peavey, ile ya kufanyia mazoezi nyumbani. Raphael amesimulia kwamba Casablancas alimweleza anataka sauti yake iwe kama suruali ya jinzi unayoipenda: isiwe mpya ya dukani, isiwe imeraruka, iwe imevaliwa mpaka imekaa. Hebu fikirini, mtu anajadili kiwango cha kuchakaa kwa sauti yake! Zaidi kidogo, punguza kidogo, hapo hapo, usiguse.

Na chini ya ule mkwaruzo hakuna hata noti moja iliyolala. Waliokulia na sebene watasikia mara moja. Gitaa la Nick Valensi na la Albert Hammond Jr. hayapigi kitu kimoja. Moja linakata, lingine linajaza, kama solo na mi-solo wanavyoachiana nafasi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Dramu za Fabrizio Moretti hazichezicheza, zinatembea kama mashine ya cherehani. Besi ya Nikolai Fraiture kwenye wimbo wa kwanza ndiyo inayoimba kuliko mwimbaji. Mpiga besi wetu, mara ya kumi, ndipo alipoisikia. Alikaa na simu sikioni hadi chaji ikaisha, akasema, "Huyu mtu amefanya mazoezi." Ndiyo bwana. Amefanya mazoezi.

Basi mlinganishe na hili. Mwaka juzi shirika moja, silitaji, lilituandalia warsha ya muziki. Siku tatu. Siku ya kwanza tulijitambulisha na kubandika karatasi za rangi ukutani tukiandika ndoto zetu. Siku ya pili tulipewa mada: kunawa mikono, amani, na madhara ya ndoa za utotoni. Siku ya tatu, kurekodi. Tulipewa gitaa saa mbili kabla ya kurekodi. Tukaomba turekodie ndani ya ukumbi maana nje kuna upepo. Hapana, nje, chini ya mwembe, ndipo panaonekana vizuri. Nyuzi mbili zikaachia katikati ya wimbo. Tukaomba turudie. Dada aliyekuwa na kamera, na alikuwa mtu mwema, sina ugomvi naye, akatuambia lile neno: halisi. Msirudie, mtapoteza ule uhalisi. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ule wimbo ukapigwa mbele ya wageni wakubwa kwenye spika kubwa kuliko yoyote iliyowahi kufika zoni yetu, na nyuzi zetu zilizoachia zikasikika hadi barabarani. Watu wakapiga makofi. Mpiga gitaa wetu aliondoka kabla haujaisha.

Hakuondoka kwa sababu ya deko. Kile kijana kina sikio. Kimejifunza kwenye gitaa la mbao za makreti lenye nyaya za breki ya baiskeli, na hata hilo analityuni vizuri kila asubuhi. Anajua tofauti ya sauti aliyoichagua na sauti iliyomponyoka. Mwenye kamera ndiye aliyeshindwa kuitambua, kwa sababu machoni pake mkimbizi hachagui sauti. Mkimbizi anatoa sauti tu, kama mlango unavyotoa mlio.

Hapo ndipo ninapoishika ile albamu na kuipiga mezani. Nyimbo za The Strokes zinasikika chakavu, na dunia ikasema: angalia ustadi, angalia uamuzi. Zetu zinasikika chakavu, na dunia inasema: angalia maisha yao. Suruali ya tajiri ikipasuka gotini ni mtindo, na ya kwangu ikipasuka naandikiwa karatasi niende nikapange foleni ya nguo za mitumba.

Nilipoyasema haya kwenye kikundi chetu cha kusoma, mzee mmoja wa Fizi alinikata. Nayaandika maneno yake yalivyotoka: "Ile ni makelele ya batoto ya batajiri. Baba yao iko na pesa. Sisi inatuhusu nini?" Na mzee ana haki ya kuuliza. Baba yake Casablancas, John Casablancas, ndiye aliyeanzisha Elite, kampuni kubwa ya wanamitindo. Baba yake Hammond ni Albert Hammond, mtunzi wa nyimbo aliyekwisha kuwa maarufu kabla mwanawe hajazaliwa. Na hao wawili walikutana utotoni katika shule ya bweni ya Le Rosey, Uswisi, shule ambayo watoto wa wafalme husoma. Walipotoka na makoti ya ngozi yaliyochoka na nywele zisizochanwa, wapo waandishi wa kwao waliowacheka wakisema ni watoto wa matajiri wanaoigiza uchovu.

Lakini mzee wangu, kwa heshima zote, utajiri wao ndio ushahidi wangu. Watu hawa wangeweza kununua studio yoyote. Walipokuwa huru kuchagua kila kitu, walichagua nini? Chumba kidogo chini ya ardhi, maiki chache, amplifaya ya mwanafunzi. Mashine ghali hawakuzitaka. Vitu ambavyo hawakukubali kupunguziwa ni viwili: watu wale wale watano, na muda. Usiku baada ya usiku, miaka kama miwili kabla hawajarekodi chochote cha maana. Siku chache za ile demo zilikuwa na miaka miwili mgongoni. Siku tatu za warsha yetu zilikuwa na chai na mandazi mgongoni.

Kwa hiyo nikiulizwa pesa za babake mtu zilinunua nini pale, nitasema zilinunua usiku. Zilinunua kutoulizwa na mtu "mnafanya nini humo, mmepewa kibali na nani, mradi wenu unaisha lini".

Na wala msidhani nawaona wazungu hao ndio walioanzisha ustadi ndani ya sauti chafu. Wa kwetu walitangulia mbali. Mwenda Jean Bosco, mtu wa Katanga, aliimba kwa Kiswahili hiki hiki cha Kongo, na Hugh Tracey alimkuta akipiga gitaa mjini Jadotville, siku hizi Likasi, akamrekodi mwaka 1952. Gitaa moja na mtu mmoja. Ile rekodi ina kelele za mashine za zama zile, lakini vidole vya Bosco havina kelele. Wasomi wa muziki wa Ulaya walikaa chini kuandika noti zake moja baada ya nyingine ili wajue anafanyaje. Sijasikia kwamba kuna aliyemwambia Bosco asirudie wimbo. Halafu kuna Konono N°1 wa Kinshasa, kikundi cha mzee Mingiedi Mawangu, waliotengeneza maiki zao wenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari ili likembe zishinde kelele za mtaa. Sauti ikapasuka. Wakaisikia imepasuka, wakaipenda, wakaifanya yao. Albamu yao Congotronics ilipotoka mwaka 2004, Ulaya ilishangilia ule mpasuko kama vile umechimbwa ardhini kama koltani. Uamuzi wa Mingiedi ulikuwa wa miaka mingi, na bendi ilikuwa imepiga mtaani Kinshasa kabla ya hao vijana wa New York kuzaliwa.

Ndugu wa mashirika, kuna kisa kingine kwenye ile albamu ambacho nawaomba mkifikirie. Ilikuwa na wimbo unaitwa "New York City Cops", unaowakejeli polisi wa mji wao. Australia ilitoka nao Julai, Uingereza ikatoka nao Agosti. Kisha tarehe 11 Septemba majengo yale yakaanguka na polisi wengi wakafa wakiokoa watu. Bendi yenyewe ikautoa ule wimbo kwenye CD ya Marekani, ikaweka mwingine, "When It Started", na CD ikatoka Oktoba. Kwingineko ulibaki. Mimi naliheshimu lile. Waliutoa wenyewe, wakijua wanatoa nini na kwa ajili ya nani, na wimbo haukufa.

Kwetu ubeti unatolewaje? Katika ile warsha tulikuwa na mistari minne kuhusu posho, jinsi mtu anavyopima mahindi kwa macho kabla hajafika nyumbani na kuyapima kwa watoto. Haikumtukana mtu. Tukaambiwa hiyo "si mada ya leo". Basi. Ile mistari haipo kwenye toleo la Australia wala la Uingereza. Na kituko ni hiki: mtu aliyekataa mistari ya posho kwa sababu haikuwa kwenye mpango ndiye aliyekataa turudie wimbo kwa sababu ya uhalisi. Kumbe ukweli wetu ulitakiwa kwenye gitaa tu, kwenye maneno ulizidi.

Nimewapiga sana wageni. Sasa zamu ya wenyeji, msijifiche.

Kuna kanisa hapa, na si moja, lenye kinanda, besi na amplifaya mbili zinazolala ndani ya sanduku la kufuli kuanzia Jumapili jioni mpaka Jumapili asubuhi. Ukiomba vijana wafanye mazoezi Jumatano unaambiwa vyombo vya Bwana havipigi muziki wa dunia. Sawa. Lakini kwaya yenyewe si inalalamika kila mwaka kwamba haipati wapigaji? Wapigaji watatoka wapi, watashushwa? Na wazazi wanaosema muziki ni uhuni, siwalaumu sana, wameona mengi, ila kijana asiye na mahali pa kwenda jioni atapata mahali pa kwenda.

Na ninyi vijana wenzangu! Kila mmoja wenu anasubiri "studio ya mradi". Anasubiri laptopu. Anataka ile programu inayonyoosha sauti, aweze kuimba kama Diamond bila kupumua. Mnapoambiwa The Strokes walirekodi kwa maiki chache mnapiga makofi, "si mnaona, hata sisi!" Hamsikii sehemu ya pili. Bendi yetu katika mwaka mmoja imebadilisha wapiga ngoma wanne. Mmoja alihama zoni, sawa, mmoja alirudi Kongo, Mungu amlinde, lakini wawili waliacha kwa sababu hakukuwa na onyesho wiki ile. Mazoezi bila watazamaji hamyataki. Kuna mtu aliwaibia The Strokes mwanzo wa wimbo? La, wao ndio walioazima mwanzo wa "Last Nite" kwa Tom Petty, wakakiri, na mzee Petty mwenyewe akasema ilimchekesha. Azimeni, nani kawakataza? Chukueni mwanzo wa Bosco, chukueni wa Franco. Lakini mkishachukua, upigeni mara mia tatu mpaka uwe wenu, msiupige mara mbili mkakimbilia kupiga picha.

Haya, ninataka nini? Maana najua ofisi inauliza "mapendekezo" hata mtu akilia.

Sitaki studio. Narudia, maana nimeona tayari kuna mchoro wa studio kwenye karatasi ya mtu: studio ya kontena, yenye nembo pande zote nne, itakayofunguliwa kwa keki na kufungwa mradi ukiisha. Sitaki warsha nyingine. Wala sitaki mtaalamu wa kutufundisha kupiga gitaa, wapo wazee hapa waliopiga Uvira na Bukavu kabla huyo mtaalamu hajaanza shule, na malipo yao ni sabuni.

Kuna ukumbi wa vijana. Una paa la bati, mlango unaofungika, na sola ambayo inawasha taa za ofisi ya pembeni usiku kucha bila mtu ndani. Unafungwa saa kumi jioni kwa sababu mwenye ufunguo anaondoka na gari la shirika, na kwa taratibu za usalama gari lazima liondoke mapema. Nayaelewa. Gari lina saa zake. Lakini ufunguo si lazima upande gari. Ubaki kwa kamati ya vijana, majina yaandikwe, mlinzi wa zamu awe nalo daftari, na saa kumi hadi saa moja jioni bendi tatu zigawane siku, zile zile, kwa mwaka mzima. Bila bango. Bila mada. Bila mtu kuingia na kamera mpaka aitwe. Kelele haitamsumbua mtu, maana upande ule kuna uwanja wa mpira, na wachezaji wana kelele kuliko sisi.

Mwaka ukiisha, dada wa kamera aje, namkaribisha kwa moyo wote. Atukute ndani. Huenda tutasikika chakavu vile vile, huenda maiki bado itakoroma. Tukimwambia "hapo turudie", azime kamera asubiri. Na tukimwambia "hapo usiguse", ajue kwamba tumelibishania lile koromo wiki mbili nzima na tumepiga kura.

Kikao cha viongozi wa zoni ni Jumanne. Barua nimeshaiandika, imesainiwa na bendi zote tatu na kwaya moja, ambayo sitaitaja isije ikanyang'anywa kinanda. Mpiga gitaa amekubali kurudi, kwa sharti kwamba ule wimbo wa mwembe hatuupigi tena. Mistari ya posho ipo, tunayo. Tunatafuta mpiga ngoma, ajue tu kwamba mwezi wa kwanza hakuna onyesho.